Singo wa Mwenge, Toka Geto Kabla Hujampigia Zilipendwa

Jumapili jioni ndiyo inayowamaliza masingo wengi wa Mwenge. Chumba kimoja, feni inazunguka, bando limebaki kiduchu, na kila ukifungua Instagram kuna mtu anaposti mahaba. Hapo ndipo mkono unaanza kutafuta namba ya zilipendwa.

Acha kabisa! Hayo si mapenzi yamerudi, ni upweke tu. Na upweke si aibu: Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalumu kwa ajili yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam, lakini kubanana nao kwenye daladala siyo kuwa na mtu wa kuongea naye.

Dawa ni kutoka geto. Oga, vaa ndala, nenda kwa muuza chipsi, agiza chipsi mayai na ule palepale. Ukifungiwa kwenye mfuko unarudi kulekule. Ukiwahi, pita Mwenge Vinyago uone mafundi wanavyochonga mpingo, kutazama ni bure. Malizia na kahawa na kashata kijiweni. Pale hakuna anayeuliza kama una mchumba, wanabishana Simba na Yanga tu.

Wapo watakaosema huko ni kujidanganya, ukirudi chumba ni kilekile. Kweli, ni kilekile. Ila umeongea na watu watatu, usingizi umefika, na ile simu hukuipiga. Jumatatu asubuhi utajishukuru mwenyewe.

Au mnasemaje, wadau?