Kompyuta Haikukataa

Mama yetu alipofariki mwaka 2014, niliachiwa kazi ya kuandaa kitabu cha ibada ya mazishi: kurasa 8 zenye ratiba, wasifu na picha. Nilikaa na kijana wa steshenari hadi usiku. Picha ya mama tuliiweka ukurasa wa 3, na chini kabisa tukaandika, "Marehemu enzi za uhai wake." Juu ya ukurasa wa 4 tukaweka picha ya mjomba, msemaji wa familia. Picha tulizivuta kwa kipanya. Maneno tukayashusha kwa kubonyeza kitufe cha kushukia mstari, mara kumi, mara ishirini, mpaka yakakaa tulipotaka.

Asubuhi mama mkubwa akatukumbusha kwamba wasifu haukutaja kwaya. Tukaongeza sentensi mbili, tukachapa nakala 200 bila kutazama tena. Kanisani ndipo nilipoona. Yale maneno yalikuwa yameteremka hadi ukurasa wa 4, yakatua chini ya picha ya mjomba, naye ameketi mbele yangu, mzima wa afya! Alisoma, akakikunja kitabu, akakitia mfukoni mwa koti. Baada ya mazishi aliniambia, "Mpwa wangu, umenizika kabla ya siku yangu." Nami nikajibu kama wanavyojibu wote: "Kompyuta ilikataa, mjomba."

Ndugu msomaji, jibu hilo ni uongo, na ndilo ninalolipinga hapa. Kompyuta haikukataa. Ilitii.

Katika programu kama Microsoft Word, picha hukaa kwa namna mbili. Yaweza kukaa ndani ya mstari, kana kwamba ni herufi moja kubwa. Ukiongeza maneno kabla yake, inasogea pamoja nayo. Au yaweza kuelea, maneno yakaizunguka. Lakini hata inayoelea imefungwa kwa nanga kwenye aya fulani. Aya ikihamia ukurasa mwingine, picha huifuata. Ukiifuta aya yote, picha nayo hutoweka. Sisi tulizielesha picha, kisha maneno yake tukayaacha huru, tukitumaini mistari mitupu iyazuie. Mistari mitupu haizuii kitu. Ukimwaga maji juu, ya chini yatafurika.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi. La hasha! Mwalimu anayetunga mtihani wenye mchoro wa moyo si fundi, lakini mchoro ukihama swali, atakayekosa alama ni mtoto wa watu. Wengine watawalaumu waliobuni programu. Nao wana fungu lao: nanga yenyewe ni alama ndogo, ambayo kwa kawaida huioni mpaka uiguse picha. Lakini lawama kubwa naiweka kwenye mafunzo yetu, yanayotoa cheti kwa kuchapa haraka na kukoleza wino, bila kumwambia mwanafunzi picha imeshikwa na nini. Kisha najilaumu mimi, niliyelipa fedha bila kuuliza swali hata moja.

Dawa yenyewe si ngumu. Iache picha ndani ya mstari. Andika maelezo yake katika aya inayofuata, kisha iamuru aya ya picha isitengane na hiyo. Hifadhi kazi kwa mfumo wa PDF, ili kurasa zisivurugike zikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Halafu chapa nakala moja, uisome kwa kidole, ndipo uchape 200.

Mjomba alifariki mwaka 2021. Kitabu chake nilikiandaa mwenyewe. Chini ya picha yake niliandika maneno yaleyale, na nakala ya kwanza niliisoma mara tatu.