Mwanza–Mbeya: Nani kasema lazima tuzungushwe Dar?

Ndugu msomaji, chukua ramani ya Tanzania, ile iliyokuwa ukutani darasani. Weka rula Mwanza, ishushe mpaka Mbeya. Umeona? Mstari unashuka wima kama kamba ya kisima.

Sasa kumbuka ile mada ya Dunia kama tufe tuliyokaririshwa kidato cha tatu. Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2 na dakika 27 kusini mwa ikweta. Songwe, uwanja wa Mbeya uliofunguliwa mwaka 2012, uko nyuzi 8 na dakika 55. Tofauti ni nyuzi 6 na dakika 28, na kila nyuzi moja ni kama kilomita 111. Jibu ni kilomita 720 hivi. Q400, yale mapangaboi ya ATCL yenye viti 76, yanakata zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Weka na muda wa kupaa na kutua: saa moja na nusu, umefika.

Lakini safari iliyozoeleka siyo hiyo. Unapakiwa Mwanza, unapelekwa Dar, kilomita 850. Unashuka, unasubiri. Ratiba zikipishana unalala gesti kwa pesa yako. Kisha unarudishwa tena magharibi kilomita 690 mpaka Songwe (na ukungu wa Songwe ukitanda, ndiyo basi tena). Jumla kilomita 1,540, zaidi ya mara mbili! Hewani peke yake si chini ya saa mbili na nusu, na vipande vyote viwili unavilipia wewe.

Usiniambie ndege ni ya vigogo. Kwa basi, kupitia Singida, Dodoma na Iringa, ni karibu kilomita 1,300. Kijana anayefuata mzigo wa mchele Mbeya auze Mwanza, piga hesabu ya siku anazopoteza kwenda na kurudi, kula njiani, kulala stendi. Hizo siku ndizo mtaji wake. Kigogo hata akizungushwa Dar, posho inakwenda naye.

Wakubwa watajibu: abiria hawatoshi. Haya, rudi kwenye rula yako. Karibu katikati ya mstari ule ule iko Tabora, na uwanja upo. Ndege ikitoka Mwanza ikatua Tabora, ikaendelea Songwe, njia haiongezeki hata kilomita 10. Viti vya Mwanza, viti vya Tabora, viti vya Mbeya, ndege moja. Nani amejaribu kuvijaza akashindwa?

Watasema pia ni hasara. Hasara! Ripoti ya CAG iliyotoka mwaka 2021 ilionyesha ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 60 mwaka 2019/20. Ndege zenyewe zimenunuliwa kwa kodi yetu, pamoja na ya muuza mchele. Kumbe hasara haiogopwi, inaogopwa ikielekea mikoani tu.

Basi watoe namba. Kila wiki ni wangapi wanapanda Mwanza, wanabadilisha ndege Dar, wanashuka Songwe? Iko kwenye kompyuta za tiketi, haihitaji tume wala semina elekezi. Wakiwa kumi, tutanyamaza. Wakiwa mia, tunataka ndege Jumatatu na Ijumaa, ipitie Tabora.