Mita Smati Zinakuja: Kenya Power Itakuona, Wewe Utaona Nini?

Wasee, hiyo mita iko kwa ukuta wa keja yako ni bubu. Unatuma doo na M-Pesa, unaletewa namba 20, unafinya, stima inarudi. Basi. Kenya Power inajua ulinunua, haijui unatumia aje wala saa ngapi. Ndio maana mtaa wote ukiingia giza bado lazima msee apige 97771. Na unakumbuka ile Novemba 2024, mita zikisasishwa, unafinya namba 60 kama umefungiwa nje ya nyumba yako?

Mita smati inaongea. Inatuma data yenyewe: umetumia unit ngapi, saa gani, na kama kuna mjanja amechezea waya. Tayari wateja wakubwa kama viwanda wamewekewa, na biashara ndogo zikafuata.

Sasa, nani anafaidika? Wizi wa stima kushikwa haraka, hiyo ni ya kampuni. Kukukatia bila fundi kutoka ofisini, pia ni ya kampuni. Sawa, stima ikiibwa hata wewe unaumia, juu sehemu ya ile inapotea njiani huhesabiwa kwa bei yako. Lakini ganji yenyewe imejificha kwa saa.

Skiza. Mvuke wa Olkaria haulali. Saa nane usiku umezima kila kitu, lakini chini bado kunachemka, na mvuke mwingine unaachiliwa tu hewani kwa sababu hakuna wa kununua stima yake. Rudi nyuma hadi saa mbili usiku: taa, TV, pasi, shawa ya moto, kila mtu ako on. Hapo hata mitambo ya mafuta inaamshwa, na hayo mafuta unayalipia kwa kila tokeni. Angalia ile meseji yako vizuri, makato yameandikwa.

Viwanda vilipewa bei nafuu ya usiku tangu Desemba 2017, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wenye kuchaji bodaboda za stima nao wakapata yao 2023. Wewe na mimi? Unit ya saa tisa usiku ni bei ile ile ya saa mbili. Mita bubu haiwezi kutofautisha. Smati inaweza, kwa hivyo kisingizio kimeisha.

EPRA ndio hupitisha bei, na kabla ipitishe lazima wananchi wasikizwe. Hicho kikao ni chako pia. Enda uulize bei ya usiku ya nyumba iko wapi.

Na kama ploti yenu mnashare mita moja, hii story haijakufikia bado. Bei ya chini kabisa inaishia unit 30 kwa mwezi, na keja nane kwa mita moja zinapita hapo bila jasho. Nyinyi anzeni na landlodi kwanza: kila mlango na mita yake.