Mche usio na cheti ni hasara ya pande mbili za mpaka

Mvua zinapokaribia, miche ya parachichi huvuka mipaka ya Afrika Mashariki kwenye malori, kwenye pikipiki na, mara nyingine, kwa njia za panya. Mnunuzi hukagua majani na mahali mche ulipobebeshwa. Udongo uliomo kwenye kiriba hauulizwi, na humo ndimo hatari inamojificha.

Ugonjwa wa kuoza mizizi huletwa na Phytophthora cinnamomi, kiumbe kinachofanana na kuvu lakini kilicho karibu zaidi na mwani kwa nasaba. Vijimbegu vyake vina mikia. Udongo ukilowa, huogelea hadi kwenye mizizi midogo na kuiozesha. Mti hunyauka ukiwa umesimama kwenye unyevu: majani hupauka, matawi ya juu hukauka, matunda hudumaa. Dawa hupunguza makali tu, kwani kiumbe hicho hukaa ardhini miaka mingi.

Kiumbe hichohicho kimeua misitu ya miti ya jarrah huko Australia Magharibi, kikienezwa na changarawe za barabara na matope ya magari. Sasa magari huoshwa kabla ya kuingia kwenye misitu iliyo salama. Ndugu yake, Phytophthora ramorum, ameua mamilioni ya mialoni na miti ya jamii yake huko California na Oregon tangu miaka ya 1990, akisafiri ndani ya miche ya mapambo iliyouzwa kutoka vitaluni. Waliobeba hawakujua walichobeba.

Ni rahisi kumlaumu mfanyabiashara mdogo. Utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi dola 2,000 umemrahisishia cheti cha uasilia wa bidhaa, lakini haumwondolei ukaguzi wa afya ya mimea. Akipotezewa siku nzima akitafuta mkaguzi huku miche inanyauka juani, njia ya panya itamvutia.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie kitaluni. Mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS ya Kenya, TPHPA ya Tanzania na wenzao, zitambue ukaguzi wa kila upande, na orodha ya vitalu vilivyokaguliwa ibandikwe kwa Kiswahili pale Namanga, Holili, Busia na Mutukula. Mkaguzi awepo siku za soko, si siku za ofisi pekee.

Mfanyabiashara naye ana wajibu wake. Adai cheti kabla ya kulipa, akatae mche uliojazwa udongo wa shambani, asipange viriba kwenye matope, na aoshe gari lake kabla ya kupakia mzigo mwingine. Cheti kinamgharimu muda na fedha, lakini shamba likioza mizizi, mkulima hapati cha kuvuna wala dalali hapati cha kununua. Anayevusha mche mgonjwa leo ndiye atakayekosa parachichi la kuvusha kesho.