Anayeacha genge apokelewe wapi?

Msako wa polisi peke yake dhidi ya magenge hautoshi. Mwishoni mwa 2016 serikali ilipiga marufuku takriban magenge 90 nchini Kenya, yakiwemo ya Mombasa, na bado tunazika watu waliokatwa mapanga. Sisi wa Kaloleni na Mariakani hatuko mbali na Mombasa. Vijana wetu huenda huko kila siku na kurudi.

Lakini kuwapa vijana semina ya siku mbili na fulana ya bure nako si mpango. Mtoto akiacha shule na kuanza kukesha kwenye disko matanga, yaani dansi za usiku za msibani, mwalimu na mzee wa mtaa wafike kwao wiki hiyohiyo. Vyuo vya ufundi vya kaunti navyo viwapokee hata wasio na vyeti.

Linaloniuma zaidi ni mlango wa kurudi. Kijana aliyejitoa akiomba kazi hudaiwa cheti cha mwenendo mwema. Hukilipia ada, na kesi ya zamani ikionekana humo, kazi anaikosa. Atarudi kwa nani, kama si kwa wale waliomlisha?

Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu mtoto aliyekosa aelekezwe kwenye ushauri na marekebisho badala ya kushtakiwa kortini. Wazazi wengi hawaijui. Machifu waieleze barazani, kwa Kigiriama na Kiswahili, na waajiri wa Mariakani wakae na wazee wakubaliane kuwapa kazi vijana waliodhaminiwa na jamii. Hilo halihitaji kusubiri mfadhili.