Magadi ya Endabash na Lugha ya Kemia

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba elimu ya kemia, ati kwa kuwa hakina maneno. Hoja hii ni nyepesi, wala haistahili heshima inayopewa. Mwenye kuishika na aende Endabash, katika wilaya ya Karatu, akatazame chungu cha maharagwe.

Nyanda za Karatu ziko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na maji huchemka yafikapo nyuzi 95 hivi, si 100. Joto likipungua, mmenyuko wa kemikali huenda polepole. Basi maharagwe hukawia kuiva, na kuni huteketea. Ndipo mpishi hutia magadi. Huyaponda kwanza, maana unga hugusana na maji kwa eneo kubwa kuliko bonge. Kisha hukoroga, nayo huyeyuka upesi. Myeyusho huo wa alkali huilegeza pektini, yaani gundi inayozishikanisha seli za punje, na maharagwe huiva mapema. Kuyeyuka, joto, eneo la kugusana, kasi ya mmenyuko: yote haya ni masomo ya kemia ya sekondari, na mpishi huyatenda kila siku bila Kiingereza.

Lakini mpishi asisifiwe kwa kudanganywa. Magadi ya Bonde la Ufa huwa na floraidi, mengine kidogo, mengine kwa wingi. Floraidi ikizidi huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi huharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Aliyeambiwa kwamba kuchemsha husafisha maji hudhani moto huondoa kila dhara. Sivyo. Moto huua vijidudu, bali mvuke hupanda peke yake, na floraidi hubaki chunguni katika maji yaliyopungua. Myeyusho huzidi kukolea.

Hapo ndipo penye lawama. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Kijana aliyesoma humo aingiapo sekondari hufunzwa ukolevu wa myeyusho kwa Kiingereza. Hukariri, hufaulu, hurudi nyumbani, wala hawezi kumweleza mama yake kwa nini magadi yapunguzwe. Elimu isiyovuka kizingiti cha jiko inamfaa nani?

Watajibu kwamba wengi wa Endabash huzungumza Kiiraqw nyumbani, hivyo Kiswahili nacho ni kigeni. Na iwe hivyo. Lakini ni lugha ya sokoni, ya zahanati, na ya darasa lake la kwanza. Watasema tena kwamba Kiingereza ni ufunguo wa dunia. Basi kifundishwe, tena kifundishwe vizuri, kama somo. Lugha ya kigeni huongezwa juu ya ufahamu, haiwekwi mahali pake.

Kuhusu maneno, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kamusi ipo. Wenye mamlaka ya kuipeleka darasani ndio wanaopaswa kueleza kwa nini watoto wa Endabash waendelee kungoja.