Wanafunzi wa usalama wa mtandao waje kwenye kahawa

MLANGO WA KARAGWE
Na Deusdedit Kamugisha

Msimu wa kahawa ukichanganya, pale Omurushaka utamkuta mzee anamkabidhi wakala kitochi chake na kumtajia namba ya siri, foleni nzima ikisikia. "Mjukuu wangu, hebu niangalizie kama hela ya kahawa imeingia." Malipo ya wakulima wa Karagwe na Kyerwa siku hizi hupitia benki na simu. Nazo zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" hazikosi.

Vijana wanaosomea usalama wa mtandao Chuo Kikuu cha Dodoma wana elimu inayomhusu mzee huyu, na msingi wake ni namba tasa za shule ya msingi. Zidisha 61 kwa 53, unapata 3233. Ukipewa 3233 peke yake utafute zilizoizaa, utahangaika na karatasi lakini utazipata. Namba ya aina hiyo ikiwa na tarakimu 617, hakuna kompyuta inayojulikana leo ya kuiweza. Juu ya ugumu huo Rivest, Shamir na Adleman walijenga mwaka 1977 mfumo wa RSA, unaotumika hadi leo kulinda tovuti za benki.

Kitochi hakina kinga hiyo. Ukibonyeza *150*00#, namba yako ya siri husimbwa kutoka kwenye simu hadi mitambo ya mnara. Kutoka hapo, usalama wake unategemea kampuni imejilinda vipi. Usimbaji wa zamani wa simu za 2G, A5/1, ulionyeshwa hadharani kuwa unavunjika tangu mwaka 2009. Mwanafunzi anayemaliza shahada bila kuligusa hili hajasomea simu ya baba yake.

Ila mwizi wa meseji hahitaji hesabu zote hizo. Anahitaji kujua nani kauza kahawa. Regista ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ina jina, namba ya simu, akaunti na kilo za kila mkulima. Nani anaifungua? Ipo kwenye kompyuta yenye nywila, au kwenye flashi mfukoni mwa karani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inavibana hata vyama vyetu vya msingi.

Wanafunzi wengi wanapokwenda field, kati ya Julai na Septemba, kahawa huku bado inapimwa. Wengi hukimbilia mabenki na makampuni ya simu Dar es Salaam. Naziomba KDCU, chama chetu kikuu cha ushirika, na halmashauri zetu mbili zitangaze mapema nafasi za field za kulinda taarifa za wakulima, chumba na nauli vikiwemo. Nanyi vijana wa Nkwenda, Kayanga na Murongo mlioko vyuoni, andikeni barua za maombi sasa, kabla mizani haijafunguliwa.